Pampu Mpya ya Guleid

Mume wangu Guleid alikataa kupeleka gari gereji. "Pampu ya maji ni kitu cha kunishinda mimi?" akaniuliza. Nikaenda kuchota maji, maana ningemjibu tungegombana mpaka adhuhuri.

Akamwita jirani yetu Kubai amshikie simu, wafuate video ya fundi fulani. Nikawawekea mtungi wa maji kando ya gari, nikaingia kuoga niwahi sokoni. Mtungi wangu wa maziwa ya ngamia, lita ishirini zilizofika asubuhi hiyo kutoka Korbesa, ulikuwa pale pale kivulini. Sikuona haja ya kuuhamisha. Mtu mzima wa Isiolo atakosaje kuujua mtungi wa maziwa?

Nilipotoka, injini ilikuwa inanguruma. Guleid alikuwa amelala chini ya gari, anachungulia pampu mpya. Kubai alikuwa anamimina kwenye rejeta kwa mkono mmoja, macho kwenye simu, anabishana na yule fundi wa video kana kwamba anamsikia.

Mvuke ukapanda. Kubai akanusa. "Mama Luul, umeweka chai?"

Nikautazama mtungi mkononi mwake. Mdomo wa mtungi ulikuwa mweupe kwa maziwa. Wanaume wawili, macho manne!

Guleid akatambaa akatoka, amejaa grisi, meno yote nje. "Umeona, Mama Luul? Hata tone moja la maji halivuji!"

"Litavuja kutoka wapi?" nikamwambia. "Maji yako ndiyo haya hapa. Mtungi bado umejaa."