Tabasamu la Mstari wa Mbele

Wenye watoto wanaocheza dansi wasogee karibu. Wasio nao wasikilize pia, kwa sababu mguu wa mtoto ulioumia katika kisa hiki haukuanza kuumia mguuni. Ulianzia usoni.

Palikuwa na msusi mmoja, mwanamke mchapakazi, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, na kila aliyekaa pale kusukwa aliondoka na nywele nzuri pamoja na habari zote za binti yake. Binti mwenyewe walimwita Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi bomba, kwa kuwa tangu alipoanza kutamka hakujua kufunga kinywa. Akila, anaongea. Akioga, anaongea. Hata usingizini alikuwa akigombana na mtu. Na akijikwaa, mtaa mzima unajua ni kidole gani.

Chiriku alipenda kucheza, basi mama yake akampeleka shule ya dansi. Shule yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, ngazi zote zinanuka mpira. Ndani kulikuwa na sakafu ya mbao iliyosuguliwa hadi inateleza, bomba refu la kushikia lililofungwa ukutani, na kioo kilichojaa ukuta mzima wa mbele.

Mwalimu wa pale alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Kila mtoto alipitishwa kwenye kila mtindo kwanza, baleti, hip hop, na ngoma za mabega na kiuno, ndipo achague wake. Kila Jumamosi kabla ya muziki aliwaambia maneno yale yale.

"Kila mtindo una mahali pake pa kuchosha. Baleti utaisikia kwenye vidole na visigino. Hip hop, magoti na viganja. Ngoma, kiuno na mapaja. Uchovu sina shida nao. Lakini ukisikia maumivu, usiwe shujaa. Niambie."

Na alikuwa na namna yake ya kufundisha. Aliwapa watoto mgongo ili wafuate hatua zake, huku yeye akiwatazama kwenye kioo. Watoto walikuwa wengi na miguu ilikuwa mingi zaidi, kwa hiyo hakuhangaika na miguu. Alitazama nyuso. Aliyekunja uso aliitwa pembeni, akakaguliwa, akakalishwa kwenye benchi chini ya dirisha mpaka apumzike.

Wazazi walingoja nje kwenye koridoo. Mlango ulikuwa na kidirisha cha kioo, na msusi hakuwahi kukaa kwenye kiti kama wenzake. Pua yake ilikuwa kwenye kile kioo mwanzo hadi mwisho. Akaona alichokiona: wanaokunja uso wanakwenda benchi, na wanaokwenda benchi hawaonekani mstari wa mbele. Chiriku wake alikuwa mstari wa nyuma kabisa, na mdomo wake hautulii.

"Mwalimu, kiatu kinabana! Mwalimu, hapa panawaka! Mwalimu, huyu kanikanyaga na hajaomba msamaha!"

Mzazi mmoja, Mama Mapacha, ambaye wanawe wawili walikuwa wanajipindua humo ndani kama samaki waliotoka majini, akapaza sauti koridoo nzima isikie.

"Mwenzangu, huyu wako amekuja kucheza au kushitaki?"

Watu wakacheka. Msusi naye akacheka. Lakini lile neno liliingia moyoni, likavuta kiti, likakaa.

Msusi huyu hakuwa mama mbaya, tuelewane. Darasani kwao alikaa dawati la mwisho miaka yote ya shule ya msingi, na ilipoisha hakuna mwalimu aliyelikumbuka jina lake. Hakutaka jambo kubwa. Alitaka mwanawe aonekane.

Jioni ile akamkalisha Chiriku katikati ya magoti yake amsuke. Akashika nywele za kipajini, pale ambapo kila msusi anajua panauma kuliko kwingine, akasema, "Leo mimi na wewe tuna somo letu. Nikivuta, cheka."

Akavuta.

"Aaa! Mama!"

"Siyo hivyo. Cheka. Meno yaonekane."

Akavuta tena. Mtoto akatoa meno.

"Bado. Mdomo unacheka, macho yanalia. Macho nayo yacheke."

"Macho yanachekaje, mama?"

"Fikiria uko mstari wa mbele."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila wanaposukana, somo. Mwanzoni Chiriku alilia kidogo, kisha akalichukulia kama mchezo, kisha likawa siyo mchezo tena. Likaingia mwilini kama vile hatua za dansi zinavyoingia, mpaka mtu anazifanya bila kufikiri. Hatimaye ukivuta hata kwa nguvu zako zote, mtoto anang'aa kama balbu.

Na kwenye kioo cha Mwalimu, uso uliong'aa ulionekana. Benchi likasahaulika. Chiriku akasogezwa mstari wa katikati, kisha mbele, akapewa na nafasi kwenye onyesho la kufunga muhula. Siku hiyo msusi alishuka zile ngazi kama yeye ndiye aliyecheza.

"Haya," akamwambia Mama Mapacha, "aliyekuja kushitaki yuko wapi leo?"

"Kapandishwa! Hebu nigawie hiyo dawa, mwenzangu. Hawa wangu wananuna kama wanadai mshahara."

"Dawa gani? Ni malezi tu."

Baba mtu alikuwa wa kwanza kuona kitu. Alikuwa ananawa grisi mikononi, akageuka.

"Mke wangu, mbona huyu siku hizi yuko kimya? Nyumba imekuwa kama msikiti saa ya swala."

"Anakua, baba. Ulitaka apige kelele mpaka aolewe?"

Baba akamtazama mtoto. Mtoto akatabasamu. Baba akaridhika, akaendelea kunawa.

Halafu Jumamosi moja baada ya mazoezi, Chiriku akashuka ngazi upande upande, mkono ukutani, akitanguliza mguu mmoja tu kila ngazi.

"Una nini?"

"Sina kitu, mama."

Na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri mno, meno na macho pamoja, hata msusi akalisifia kimoyomoyo. Hapa mzazi anayesikiliza aweke kikombe chini. Mama yule aliona mguu, akaona na tabasamu, akachagua kuamini tabasamu. Alikuwa amelifuma kwa mikono yake mwenyewe na bado likamdanganya.

Onyesho likakaribia. Siku ya kufanya mazoezi ya kuruka, Mwalimu alizima muziki ghafla.

"Rukeni tena, bila muziki."

Safari hii hakutazama kioo. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza mbao.

"Tena."

Wakaruka.

"Nani anatua mara mbili?"

Watoto wakatazamana. Mwalimu akaeleza: wote wanatua *pa*, miguu miwili pamoja, lakini kuna mmoja anatua *pa-pa*, kama mtu anayekanyaga bati la moto. Akapita mtoto kwa mtoto, kila mmoja aruke peke yake. Alipofika mstari wa mbele, akasimama.

"Kaa chini, Chiriku. Vua kiatu."

Upande wa nje wa mguu ulikuwa umevimba. Mwalimu akabonyeza taratibu. Chiriku akatabasamu. Akabonyeza tena, kidogo zaidi. Tabasamu likapanuka, na jasho likamtoka mtoto juu ya pua. Mwalimu akauondoa mkono wake kama aliyeungua yeye.

"Mwanangu," akasema polepole, "nani kakufundisha kucheka hivi?"

Chiriku aligeuza macho mlangoni. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, msusi akatamani kile kidirisha kisiwepo.

Mwalimu alitoka, akaufunga mlango nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Mama, mimi nina macho mawili na watoto tele. Uso wa mtoto ndio unaoniambia nisimame. Wewe umeuziba."

"Nilitaka tu awe mbele, Mwalimu."

"Nilimweka mbele nikiamini mwili wake umeanza kuzoea. Kila aliporuka nikamwambia aruke juu zaidi, kwa sababu alikuwa anacheka." Akaonyesha ngazi kwa mkono. "Mpeleke hospitali. Sasa hivi, si kesho."

Mama Mapacha aliinuka kwenye kiti. Akachukua mkoba wa mtoto, akawabebea mpaka chini.

Hospitali, daktari alimwambia Chiriku, "Nikigusa panapouma, sema hapo." Akagusa kifundo, akagusa kisigino, akagusa vidole, akagusa penye uvimbe. Kote alipata tabasamu lile lile. Mwisho akamgeukia mama: "Sasa huyu anaumwa wapi?" Ikabidi picha ya mifupa iseme badala ya mtoto. Mfupa mwembamba wa mguuni ulikuwa na ufa. Wakamfunga plasta ngumu, kuanzia nyuma ya vidole hadi chini ya goti.

"Nisikilize vizuri, mama," daktari akasema. "Ufa utaunga. Ninachoogopa ni plasta. Mguu ukivimba humo ndani, plasta itabana, damu itakosa njia. Ataanza kusikia maumivu makali au ganzi. Lazima aseme saa hiyo hiyo. Akinyamaza, mguu unaweza kuharibika tusiweze kuurudisha. Sisi hatuoni ndani ya plasta. Tunamtegemea yeye."

Msusi akaitikia, "Ndiyo, daktari." Lakini akageuka kumtazama mtoto. Wanamtegemea nani? Yule aliyekaa pale kitandani, anamtabasamia kila mtu?

Alipofika nyumbani akaanza kuuliza.

"Inabana?"

"Haibani."

"Mwanangu, sasa una ruhusa. Sema ukweli."

"Nasema ukweli, mama."

Akajaribu ukali, haukufaa. Akajaribu peremende. Chiriku akala peremende, akatabasamu. Mwisho msusi akashindwa, akalia mbele ya mtoto, na hapo ndipo alipoharibu zaidi, kwa maana Chiriku alipoona machozi alijitahidi kucheka maradufu, akampangusa mama yake shavu, akamwambia, "Usilie, mama. Mimi niko sawa kabisa."

Akawa anamwonea aibu mwanawe mwenyewe kwa kutojua kumsoma. Akimwangalia anakula, hajui. Akimwangalia amelala kwenye kochi, hajui. Uso ule aliuzaa, akaunyonyesha, akaufahamu kuliko kiganja chake, na sasa ulikuwa kama mlango wa nyumba ya jirani.

Ikawa mchana mmoja saluni. Mtoto amekaa kwenye kiti cha pili, mguu umenyooshwa juu ya kindoo, na msusi anamsuka mteja. Akageuka kuchukua kitana, macho yakaangukia vidole vilivyochomoza kwenye plasta. Vilikuwa vimejaa, vimekuwa vyeusi kuliko vya mguu wa pili. Akavigusa. Baridi.

"Inauma?"

Tabasamu.

"Hata kidogo?"

"Hapana, mama."

Hakuuliza tena. Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akatoka mbio na kitana amekichomeka kichwani. Mteja akabaki na kichwa nusu, anaita dirishani, "Dada! Na huku upande wa kushoto je?"

Muuguzi wa zamu alivigusa vidole, akawahi mkasi wake mkubwa wa kukatia plasta.

"Umewahi, mama. Si kwa sana, lakini umewahi." Akamwinamia Chiriku. "Haya, binti, kabla sijakata niambie panapouma zaidi, nianze mbali napo. Ni wapi?"

Chiriku hakumtazama muuguzi. Alimtafuta mama yake kwanza, akauona uso wake, ndipo akapanga wake: mdomo, kisha macho.

Msusi akaona kila kitu mara moja. Mtoto hakuwa anamficha daktari, wala Mwalimu, wala watu. Alikuwa anamchezea mtazamaji mmoja tu.

"Sista, mimi natoka."

"Aa, mama, hapana. Kwa watoto tunataka mama awe karibu, wasiogope."

"Nikiwa karibu hatakuambia." Akamshika Chiriku kichwa. "Mwanangu, huyu ndiye anayetaka kujua. Mimi nakwenda kule nje. Sikuoni."

Akatoka, akavuta mlango, akapita viti vya wagonjwa mpaka mwisho wa koridoo, akauegemea ukuta. Kimya. Sauti ya muuguzi ikaja, ya chini, haina haraka. Kimya tena. Msusi akaanza kufikiri kwamba amechelewa, kwamba lile somo limekwenda ndani mno, mahali ambapo hata yeye aliyeliweka hawezi kulifikia.

"Hapo!"

Sauti ilipasua koridoo.

"Hapo hapo! Inauma! Inauma tangu jana, acha, acha, acha wewe! Na vidole vinachoma, na huku nyuma panapiga, na usiku nilikuwa nauma shuka, na hata kile kiatu kilikuwa kinaniuma na nikaambiwa nicheke. Aaa! Inaniuma mie!"

Msusi akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, mkono mdomoni. Mtoto alilia, akashitaki, akavuta pumzi, akaanza upya.

Mfanya usafi akaja na dekio na ndoo yake, akasimama mbele ya msusi.

"Mama, si wako yule anayelia?"

"Ni wangu."

"Sasa huendi?"

"Mwache alie."

Mfanya usafi akamtazama kuanzia kichwani penye kitana mpaka miguuni, akasonya.

"Wamama wa siku hizi mna roho ngumu," akasema, akachovya dekio.

Msusi akakunja miguu ili dekio lipite, akaendelea kusikiliza.