Pumzi za Silinda ya Nne

Jumanne asubuhi Kimya alipindua boksi la sabuni, akalitoboa kwa msumari mistari minne ya matundu, akaandika namba kando ya kila mstari. Kila valvu itakayotoka kwenye milango ya hewa ya injini ingekaa kwenye tundu lake, na springi yake ubavuni, ili mtu asije akachanganya. Mjomba wake, mwenye gereji, ndiye aliyemfundisha hivyo. Jina la Kimya walimpa mafundi wenzake, kwa sababu binti huyo aliweza kushinda kutwa nzima akisaga valvu bila kutoa neno, na wakimtania aliinamisha kichwa tu.

Gari la siku hiyo lilikuwa pikapu ya zamani ya Bosi wa Kokoto, mwenye machimbo ya mlimani. Baba yake Kimya aliiendesha miaka tisa, akafia ndani yake. Alikuwa katikati ya mlima, mzigo nyuma, pikapu ikaishiwa nguvu na kurudi kinyumenyume hadi korongoni. Ofisi ya machimbo ikaandika barua ya mistari mitatu, na katika mistari hiyo familia ilibaki na neno moja: uzembe. Mama yake Kimya aliitundika ukutani kwa msumari, akasema ataishusha siku watakapoandika nyingine. Ilikuwa imetimia miaka kumi na mmoja.

Pikapu yenyewe ilinyooshwa bodi, ikarudi kazini. Sasa Bosi alikuwa amefungua machimbo mapya juu zaidi.

"Nataka ipande mlima kama haijawahi kusikia habari za mlima," alimwambia Mjomba.

Alileta kemshafti mpya, ule mhimili wenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke. Nundu za huu zilikuwa ndefu zaidi, ili injini ivute hewa nyingi. Alileta valvu mpya, na springi ngumu za kuzirudisha. Tapeti, vile vikombe vya chuma vinavyokaa juu ya nundu na kupokea msukumo, hakuleta.

Walinyanyua kichwa cha injini, wakakiweka mezani. Kimya akabana springi ya kwanza, akachomoa valvu za silinda ya kwanza. Likatoka vumbi jekundu, la barabara iliyowekwa lami zamani sana. Likasimama hewani kama pazia, kisha likatua. Mjomba akafuta meza.

"Injini imevuta pumzi miaka thelathini," alisema. "Haikuzitoa zote."

Silinda ya pili ilitoa mvua. Ilinyesha robo saa juu ya meza ile tu, matone manene yenye harufu ya majani yaliyofyekwa. Mjomba akasogeza beseni.

"Angalia isiingie kwenye mafuta."

Dereva mpya wa pikapu, mwanamume wa masharubu ambaye mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, alikuwa amekaa juu ya tairi akisubiri. "Mvua yenyewe ina adabu," alisema, akikinga kiganja. "Ya kwangu inaingia mpaka kitandani."

Silinda ya tatu ilitoa vipepeo weupe. Walitoka wawili wawili, halafu kumi kumi, mpaka mabati ya paa hayakuonekana tena. Gereji nzima ikajaa sauti laini, kama maelfu ya karatasi zinazofunguliwa polepole. Mmoja akatua kwenye spana mkononi mwa Kimya, akafunga mabawa, akayafungua. Kimya hakupumua. Aliona weupe ule ukiangaza mpaka pembe za gereji ambazo hazijawahi kupata mwanga, makopo ya gasketi, kalenda ya mwaka uliopita, uso wa mjomba wake ukiwa umeinuliwa juu kama wa mtoto. Kisha vipepeo wakashika njia ya mlangoni, wakatoka kwa utaratibu, na kazi ikaendelea.

Silinda ya nne ndiyo iliyokuwa karibu na kiti cha dereva. Kabla hajaigusa, Kimya aliona jambo. Springi saba za injini ile zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka. Ya nane, ya silinda ya nne, ilikuwa na doa la rangi ya kijani, alama ya springi iliyonunuliwa baadaye. Aliitazama muda mrefu. Bosi alikuwa ameingia kukagua, ameegemea fimbo yake. Kimya akabana, akachomoa.

Ikatoka pumzi yenye joto, ya asubuhi, yenye chai ya rangi ndani yake. Halafu sauti ya baba yake, karibu kabisa, kana kwamba ameinama dirishani.

"Bosi, springi za valvu zimechoka. Leo mlimani gari hili litaniangusha."

Na sauti ya Bosi, changa, yenye nguvu ya kifua: "Wewe peleka mzigo. Likikuangusha tutajua."

Baada ya hapo ulisikika mlango wa gari ukifungwa. Dereva mpya alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nani aliibadilisha springi hii?" Kimya aliuliza.

Mjomba akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Mimi. Siku tatu baada ya mazishi. Ya zamani ilikuwa imekatika vipande viwili."

"Na hukusema, Mjomba?"

"Magari yote ya machimbo yanakuja hapa, mwanangu. Nawe umekula hapa."

Bosi alikuwa bado ameinamisha sikio kuelekea mezani. "Sauti yangu ilikuwa nzuri wakati ule," alisema. "Siku hizi kifua kinanisumbua."

Safari hii Kimya hakuinamisha kichwa. "Bosi, ile barua. Andika nyingine."

"Ah, binti yangu. Faili lile lilishafungwa. Hata karani mwenyewe amestaafu." Akachukua tapeti moja ya zamani, akaigeuza kwenye mwanga. "Hizi rudishia hizihizi. Mbona bado zinang'aa?"

Kimya aliijua kazi yake. Tapeti iliyozoea shafti moja imekwisha kulika kwa kuifuata; ukiiweka juu ya shafti mpya, na springi ngumu zikikandamiza, vitatafunana. Gari lingetoka gereji likiwa na sauti tamu, lingempendeza Bosi wiki nzima, na siku moja lingeishiwa nguvu palepale mlimani. Hakuna ambaye angemlaumu. Bosi mwenyewe ndiye aliyesema.

Akamtazama dereva mpya. Alikuwa bado ameshika kofia.

"Hapana," Kimya alisema. "Shafti mpya, tapeti mpya. Bila hivyo sifungi injini."

"Huyu si ndiye mnayemwita Kimya?" Bosi akamuuliza Mjomba.

"Ndiye," Mjomba akajibu. "Na anasema kweli."

Tapeti zikaletwa. Kimya alizipaka mafuta moja moja, akasaga valvu mpya kwa kuviringisha kijiti katikati ya viganja mpaka kila moja ikakaa kitini bila kupitisha hewa. Ijumaa injini ikawaka. Ilinguruma kwa utulivu, na ndani yake hapakuwa na mtu yeyote. Wakaitazama ikipanda mlima na mzigo wake, bila kuyumba, mpaka ikawa nukta. Mjomba alikaa kwenye tairi lile, na siku iliyofuata akafungua gereji kama kawaida. Gari la kwanza lilitoka machimboni.

Valvu mbili za zamani za silinda ya nne Kimya alizifunga kwenye kanga ya mama yake, akazipeleka nyumbani. Mama aliziweka kwenye kimeza chini ya barua. Kila siku saa moja asubuhi, saa ambayo mumewe alikuwa akiwasha gari, pumzi ile ya chai hutoka.

"Bosi, springi za valvu zimechoka."

"Tumesikia, baba watoto," mama hujibu, akimimina kikombe cha pili.

Pumzi hupanda ukutani. Barua hupepea kidogo kwenye msumari wake, kisha hutulia, na neno liko palepale.