Msimu Mmoja Tu

Shamba langu la bondeni liliondoka mikononi mwangu kwa njia ya heshima kabisa: liliazimwa. Aliyesema ndiyo ni mume wangu, mkutanoni, akiwa na soda mkononi, na alisema ndiyo kwa sababu kaka yake mkubwa, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akimtazama. Msimu mmoja tu, waliambiana. Litakuwa shamba darasa la mradi wa kilimo, wakulima wajifunze, kisha mwenye chake arudishiwe chake. Tangu siku hiyo mvua zimekuja na kuondoka, soda imebadilishwa chupa, na mimi nilikuwa bado nausubiri msimu huo mmoja uishe.

Kipande chenyewe si kikubwa. Sifa yake ni kwamba hakikauki. Jua likiwaka mpaka shamba letu la juu likapasuka nyufa, kule bondeni unachimba kidogo tu unakuta udongo wa kulowesha vidole, na hapo ndipo nilipokuwa nikitoa mboga za kiangazi za nyumba nzima. Wataalamu wa mradi walipouona udongo ule walifurahi sana, wakapanda vitunguu. Kitunguu hakipendi kukaa majini. Kila mtu kwetu analijua hilo, hata mume wangu. Tulipowaambia, walitujibu kwamba kitabu cha mradi kinasema vitunguu. Vikaoza. Mwaka uliofuata wakaleta vingine, vya kisasa zaidi, navyo vikaoza kisasa zaidi.

Afisa wa mradi tulimwita Bwana Matokeo, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Ukimuuliza hali ya watoto wake, alikujibu kuwa matokeo ni mazuri. Vitunguu vilipooza alisema tumepata matokeo ya awali. Shemeji yangu mwenyekiti alimpenda kupita kiasi, na si bure: mradi ulimpa kofia, fulana mbili, na pikipiki ya kikundi ambayo, kwa sababu ambazo hazijaelezwa mpaka leo, ilimbeba yeye peke yake.

Mboga za kiangazi zikawa zinatoka kwa mdogo wangu anayeishi ng'ambo ya kilima. Naye ana kipande chake bondeni, hicho hicho tu, hana cha juu wala cha kando, na tangu afiwe na mumewe ndicho kinachomlea yeye na wanawe. Kila siku ya soko alikuwa anapita kwangu, anashusha kikapu jikoni, ananigawia, anaondoka. Hakuwahi kunihesabia. Mume wangu alizisifu sana mboga hizo. Alisema ni tamu kuliko zile tulizokuwa tukilima wenyewe, na mimi nilimtazama mpaka akakumbuka kwamba ana kazi nje.

Basi tukaambiwa kuna tathmini. Bwana Matokeo aliitisha mkutano, akaeleza kwamba muda wa mradi unafika ukingoni na kwamba atakuja mtathmini kutoka mbali, mtu asiyependelea upande wowote, kupima kama umefaulu. Baada ya hapo itaamuliwa kama kuna awamu ya pili. Wanakikundi walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa sababu zangu. Niliwaza hivi: kitu kilichoshindwa hufungwa. Duka likishindwa linafungwa, na ndoa pia. Nitamwambia mgeni ukweli wote, mradi utafungwa, na mvua zijazo zitanikuta bondeni kwangu na jembe langu.

Siku ya mgeni ilipofika, shamba darasa lilikuwa tupu kama kiganja. Shemeji hakubabaika. Mapema asubuhi alirudi kutoka sokoni na gunia la vitunguu, akawapanga wanakikundi mstari mmoja mmoja, wakaanza kuvidumbukiza ardhini. Vilikuwa vitunguu vya dukani hasa, vikavu, maganda yanachakarika, majani yalishakatwa siku nyingi. Mtu mmoja aliuliza kitunguu kisicho na jani kinakuaje, na shemeji akamwambia hilo ni swali la uchochezi. Mawe ya ukingoni yakapakwa chokaa. Bango la mradi likafutwa vumbi. Mimi nilikaa pembeni, roho imetulia tuli, nikijua kwamba hata mtu aliyezaliwa ghorofani ataangua kicheko.

Mtathmini hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mabuti mapya ya mpira na kishikwambi alichokikumbatia kama kitoto kichanga. Aliinama, akang'oa kitunguu kimoja. Kikatoka ndani ya tope kikiwa kimekwisha kukaushwa na kupunguzwa majani, tayari kwa sufuria. Mgeni alimgeukia Bwana Matokeo, akamuuliza kama ni kawaida kitunguu kukaukia shambani namna ile.

Bwana Matokeo akasema hayo ndiyo matokeo yenyewe. Ni mbinu mpya, alisema, mkulima haangaiki tena kukausha wala kukata majani, ardhi inammalizia kazi. Mgeni akaandika. Akapiga picha, ya mbali na ya karibu. Shemeji akatabasamu mpaka mapengo yake yote yakahudhuria.

Baada ya hapo mgeni akataka kuzungumza na mwenye shamba. Tukakaa barazani kwangu, yeye kwenye kiti kizuri, mimi kwenye kigoda, na wanaume watatu wakasimama ukutani kuhakikisha nazungumza kwa uhuru. Shemeji alikuwa amenionya mapema juu ya aibu ya ukoo. Mume wangu alikuwa na kikohozi kilichoanza asubuhi ile ile.

Niliulizwa mradi umeninufaisha kiasi gani. Nikasema haujaninufaisha. Mgeni alikitazama kishikwambi kwa masikitiko, akanieleza kwamba majibu yaliyomo ni sana, kiasi na kidogo. Nikajikuta nimenufaika kidogo. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba vitunguu huoza kwenye maji, na uso wake ukang'aa, akaandika kwamba elimu imepatikana. Mume wangu alikohoa. Niliendelea bila kumjali. Nikamwambia vile vitunguu vya asubuhi ni vya sokoni. Akaandika kwamba kikundi kimeunganishwa na soko.

Alipofika kwenye swali la chakula nikamweleza kwamba mboga zote tunazokula kiangazi zinatoka kwa mdogo wangu. Akauliza yuko wapi. Nikasema ng'ambo ya kilima, ana kipande bondeni kama hiki, chenye maji mwaka mzima. Hilo nalo aliliandika kwa makini, na jina la mahali akaniomba nilirudie.

Mwisho nikamuuliza mimi. Nilitaka kujua kama sasa mradi utafungwa.

"Kufungwa?" Alinitolea macho. "Mama, kwa majibu haya hatuwezi kuondoka. Mazao yanaoza, chakula mnategemea ndugu. Hizi ni changamoto kubwa. Tukiwaacha sasa, tutakuwa tumewatelekeza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi mwenyewe nitapendekeza awamu ya pili. Na pengine ya tatu."

Shemeji, aliyekuwa ameanza kunikazia macho, akalegea, akanitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuuona tangu niolewe. Nilijikaza kisabuni. Nikamuuliza yule mama, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, mradi unaofungwa huwa ni wa namna gani.

"Uliofaulu," alisema. "Watu wakishasimama kwa miguu yao wenyewe, sisi tunaaga."

Nikatazama bondeni, kwenye bango. "Dada yangu," nikamwambia, "inaruhusiwa kubadilisha majibu?"

"Inaruhusiwa, mradi sijayatuma."

Sijawahi kumvika mtu kilemba cha ukoka kama nilichouvika mradi ule. Nikasema nilikuwa naona haya kujisifu mbele ya wakwe. Nikasema tumenufaika sana, na kama kuna neno zaidi ya sana aliandike hilo. Nyumba imeshiba, akili zimefunguka, hata mume wangu amebadilika, anaamka mapema. Kikohozi cha mume wangu kilipona papo hapo. Bwana Matokeo aliitikia kila neno kwa kichwa, mwanzoni kwa furaha, kisha polepole, kisha akaacha, maana alikuwa ameanza kuona gari linakoelekea. Akadakia kwamba, hata hivyo, changamoto chache bado zipo. Nikasema hakuna. Mtu ambaye vitunguu vyake vinajikausha na kujikata majani vikiwa ardhini, nikauliza, bado afundishwe nini? Mbinu ilikuwa ni ya Bwana Matokeo mwenyewe, angeikana vipi.

Likabaki swali la mwisho: ni nani mwingine angefaa kupata baraka hizi. Nilisema wote, dunia nzima. Mgeni akasema dunia nzima haimo, inatakiwa sehemu moja. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nahesabu shamba langu limekwisha kurudi, na nilitaka yule mwanamke ainuke kwenye kiti changu kabla shemeji hajapata la kusema.

"Kuna hii uliyoitaja mwanzo," akasema, "ng'ambo ya kilima."

"Weka hiyo hiyo."

Akaiweka. Akanipiga picha nikiwa nimeshika kitunguu cha sokoni, akanisifu kwa uwazi wangu, akaondoka.

Mambo yakaenda kama nilivyotaka. Mradi ulitangazwa kuwa umefaulu kiasi cha kutohitajika tena. Kulikuwa na hotuba, na Bwana Matokeo alipofika kwenye neno lake alikwama kidogo. Pikipiki ikachukuliwa. Shemeji akawa ananisalimia akitazama paa la nyumba. Bango likang'olewa, na mume wangu akawa anawaeleza watu kwamba yeye alijua tangu mwanzo, alikuwa anasubiri tu wakati mwafaka. Sikumkatalia. Mtu aliyerudishiwa shamba hana muda wa kubishana.

Nikashuka bondeni siku iliyofuata. Nilifukua vitunguu vya shemeji vilivyooza, nikageuza udongo, nikapanda mboga zangu. Sisemi uongo, nililia kidogo pale peke yangu, kwa furaha, matope hadi magotini. Kiangazi kilipoanza kuuma zilikuwa zimeshika, zimenawiri, na nikamtumia mdogo wangu salamu kwamba safari hii asihangaike kunigawia, mimi ndiye nitakayemgawia.

Siku ya soko akaja. Kikapu alikuwa nacho, ila kilikuwa kitupu, na nikacheka kwamba salamu zangu zimefika. Nikamkaribisha kigoda jikoni. Alikaa, akakiweka kikapu magotini.

"Wale wageni wako wamefika kwetu, dada," alisema. "Wamekuja na bango. Lina picha yako, umeshika kitunguu."

Nilikuwa napepea moto. Niliacha.

"Kwanza niliwakatalia. Nikawaambia nina hicho kimoja tu. Basi yule afisa wao akanisomea maneno yako yote, jinsi mlivyonufaika, na jinsi ulivyonitaja mimi." Alitabasamu, kwa haya, kama mtu anayeshukuru zawadi asiyoitarajia. "Nikasema, kama dada yangu mwenyewe ndiye amesema, mimi ni nani."

"Umewapa?"

"Nimewapa. Wameshapanda vitunguu." Akanitazama, akaona uso wangu, akadhani namhurumia kwa mboga za kiangazi hiki. "Usiwe na wasiwasi. Wamesema ni msimu mmoja tu."

Nikakitoa kikapu magotini mwake bila kumtazama usoni, nikashuka nacho bondeni kukijaza.