Viatu vya Mwalimu Mkuu

Anayesema ualimu ni wito, aje ashike darasa langu wiki moja tu. Watoto wametoka pande zote za dunia, kila mmoja ana lugha ya kwao, na jambo lile lile nalieleza kwa mdomo, kwa mikono, kisha kwa kuchora ubaoni. Siku ile nilikuwa hoi. Niliwapa hesabu, nikaegemeza kichwa mezani, eti napumzisha macho. Usingizi hauna adabu, ukanibeba.

Niliposhtuka, darasa lilikuwa kimya, kimya kile nilichokililia mwaka mzima. Mwalimu mkuu, tunayemwita Nyundo kwa jinsi viatu vyake vinavyogonga sakafu, alikuwa amejikunja kwenye kiti cha mtoto, miguuni soksi tupu, akisahihisha madaftari yangu. Nikajua leo kibarua kimeota nyasi.

"Mkuu, naomba unisamehe," nikaanza.

"Punguza sauti," akanong'ona. "Nilikuja mbio nikidhani kuna msiba, maana darasa lako na kimya wapi na wapi. Yule binti akanizuia mlangoni. Akaniambia, 'Mwalimu amelala. Vua viatu.'"

Nikamtazama binti aliyemwonyesha kwa kidole. Ni yule mgeni wa dawati la nyuma, aliyefika mwanzo wa muhula na hajawahi kutamka neno mbele yangu. Siku zote hizo nimeisubiri sentensi yake ya kwanza, na ilipokuja, mimi nakoroma.

Namshukuru Mungu nilikuwa nakoroma.