Kahawa Iliyopoa Mbele ya Mjumbe

Uvumi ulimkuta Nuhayla akikamulia dengu ndimu: ile serikali ya mbali inayolipia dawa za kliniki ya kambi itafunga mkono wake mwisho wa mwezi. Aliupuuza, ukarudi. Aliusikia dukani, akausikia kwenye foleni ya mkate, na kila alipofungua friji akaona vichupa vinne vya insulini ya bintiye Sundus, ukamsemesha upya. Vichupa vinne tu. Sundus ana miaka tisa.

"Maneno ya watu hayo, Mama Sundus," jirani yake, Mama Adnan, alimtuliza. "Hata mwaka jana walisema unga utakatwa."

"Na haukukatwa?"

Mama Adnan akashika kitunguu chake akaanza kumenya.

Wote wawili walikumbuka vizuri. Mwaka jana mjumbe wa serikali hiyo aliwaita wanawake wa kambi ofisini kwake, mjini Saida. Wakaenda na adabu zao zote. Wakanywa kahawa, wakashukuru, wakacheka mbele ya kamera. Mwezi haukwisha, ripoti ikatoka na picha yao: wakazi wameridhika. Mgao wa unga ukapunguzwa nusu. Nuhayla alikuwa mstari wa mbele pichani, meno yote nje. Tangu hapo hakuipenda sura yake.

Sasa kaja mjumbe mwingine, na ameita wanawake watano siku ya Alhamisi.

"Safari hii tunakwenda kama watu wa sulhu," alisema Hajati Wasfiya, mkubwa wao. "Kikombe kinakaa chini."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kwao, mwenye shida akiingia nyumbani kwa mtu hagusi kahawa mpaka ajibiwe. Ikipoa, aibu ni ya mwenye nyumba.

Alhamisi mjumbe aliwapokea kwa tabasamu pana. Kahawa ikamiminwa. Wanawake watano wakapokea vikombe, wakavitua mezani kwa pamoja, wakakunja mikono.

Karam, kijana mkalimani kutoka kijiji cha kusini, aliona akawiva uso.

"Karibuni, kunyweni," mjumbe alisema. Vikombe vikabaki mezani. "Kwani kahawa ni mbaya?"

"Mwambie kahawa yake nzuri, iliki naisikia," Hajati alimwambia Karam. "Jibu lake ndilo hatujalionja. Na wewe usimpunguzie makali, mwanangu. Mama yako namjua."

Karam akafasiri yote, pamoja na maana ya vikombe. Tabasamu la mjumbe likapungua.

Nuhayla akatoa kichupa kitupu mkobani, akakiweka katikati ya vikombe.

"Hatukuja kuomba hisani. Tumezaliwa kambini kwa sababu wazee wetu walifukuzwa makwao, na kurudi tumezuiwa. Mpaka turudi, dawa hii ni haki yetu, na serikali yako iliahidi kwa maandishi. Wanaotaka kuikata wajue wanamkata nani. Anaitwa Sundus. Kila asubuhi namchoma sindano, na yeye ndiye ananiambia mama usiogope."

"Naelewa, mama. Lakini uamuzi ni wa bunge letu, si wangu."

"Basi liandikie bunge. Sasa hivi, tukikuona."

Msaidizi wa mjumbe akainua kamera. Mama Adnan akamgeuzia mgongo.

"Mwaka jana niliwachekea, mkanilia unga. Leo piga picha mgongo huu, nao umeridhika!"

Hata Karam alicheka. Mjumbe hakucheka. Alitazama vikombe vitano, utando umeshajitanda juu ya kahawa, akavuta karatasi. Akaandika kuwa yeye mwenyewe anaitaka serikali yake isikate dawa za kliniki wala mgao wa unga, akatia jina na sahihi. Karam akaisoma mara mbili. Nuhayla akadai nakala, akapewa.

Hajati akainua kikombe, akanywa funda moja, akakirudisha.

"Hilo moja ni la barua. Mengine tutayanywa bunge likijibu."

Bunge halijajibu. Jana Nuhayla amefungua kichupa cha pili. Amesikia kambi nyingine nazo zitaitwa, kwa hiyo amekaa mezani na daftari la Sundus, akaandika kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa darasa la sita, wapelekewe akina mama wa huko:

Msinywe kahawa yao kabla ya kujibiwa.
Msicheke mbele ya kamera.
Msishukuru kwa kitu ambacho hakijafika.
Msitie kidole kwenye karatasi ambayo hamjasomewa mpaka chini.
Msimwachie mtu kadi ya mgao, hata akisema anainakili tu.
Msiwapeleke watoto ili walie mbele yao.
Msiende mmoja mmoja.
Msitoke bila nakala.