Video Zisizo na Majina

Siku ya kwanza baada ya likizo, Mwalimu aliwasha kompyuta ya chumba cha video akakuta D haipo.

Alidhani macho yanamdanganya. Akazima, akawasha tena. Kioo kilimwonyesha picha ya milima ambayo hakuiweka yeye, na diski moja kubwa, tupu, safi kama sahani iliyorambwa. Kwa miaka tisa, D ilikuwa sehemu ya diski aliyoitenga kwa kazi moja tu: video za watoto wa ile shule ya viziwi, kila moja sekunde nne au tano, mtoto akionyesha alama moja kwa mikono yake. Kila video aliipa jina mwenyewe. Njaa. Aibu. Keshokutwa. Kudanganya. Zilikuwa elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Hakuna kitabu chochote kilichokuwa na alama zile, maana zilizaliwa mabwenini. Watoto hawakungoja mtu mzima awafundishe kusema. Walijitungia, wakubwa wakawarithisha wadogo, na Mwalimu alikuwa akiwatengenezea kamusi.

Aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu bila kubisha hodi.

"Nani amegusa kompyuta yangu?"

"Ya shule," Mwalimu Mkuu alimsahihisha. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyeongoza shule ya viziwi kwa miaka kumi na moja na katika miaka hiyo akajifunza alama mbili: "asanteni" na "kaeni". "Shemeji aliiongezea kasi wakati wa likizo. Ilikuwa inajikongoja."

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Mwalimu Mkuu. Shule nzima ilimwita Shemeji, hata mpishi, hata mlinzi wa getini, kana kwamba dada yake ameolewa na wote. Alirekebisha bomba, taa, kengele na vitasa vya milango, na hakuna alichokirekebisha ambacho hakikuhitaji kurekebishwa tena. Aliitwa, akaja na kijiti cha meno mdomoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mwalimu zaidi, kwa sababu alieleza kila kitu kwa moyo mweupe.

"Kulikuwa na C na D. Nikaona nafasi inagawanywa bure. Nikaziunganisha, nikafomati, nikaweka mfumo mpya. Sasa inapepea."

"Na vilivyokuwa kwenye D?"

"Zile video? Nilifungua mbili tatu. Nikaona ni watoto wanachezesha mikono, halafu inakatika. Nikajua ni za majaribio." Akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Mkuu aliponiambia huenda unazitaka, nikashusha programu ya kurudisha faili. Nimeiendesha siku nne. Imerudisha kama elfu hivi, ila hazifunguki."

"Ulizirudishia wapi?"

"Humohumo kwenye diski. Kwani kuna pengine?"

Mwalimu aliwatazama wote wawili. Mara tatu alikuwa ameomba kwa maandishi diski ya pembeni ya kuhifadhia nakala, na mara zote tatu barua zilirudi zimeandikwa neno moja pembeni: "Imeonekana."

"Usilikuze jambo, Mwalimu," alisema Mwalimu Mkuu. "Watoto wapo, mikono wanayo. Utawapiga video upya."

"Nusu yao walishamaliza shule. Wengine wana watoto wao. Wawili wako kaburini. Niwachimbue?"

"Sikusema hivyo. Nasema kompyuta inahitajika leo. Kuna alama za kuingiza."

"Alama gani?"

"Za mitihani. Alama gani nyingine?"

Hapo ndipo mori ulipompanda. Alirudi chumba cha video, akang'oa waya ukutani, akachomoa kioo na kibodi, akalikumbatia lile boksi la kompyuta kifuani kama mtu anayetoa mtoto kwenye moshi. Mwalimu Mkuu alimfuata hadi uani.

"Hiyo ni mali ya shule."

"Niandikie barua."

"Utamwaga unga, Mwalimu."

"Basi tutaukanyaga wote," alisema, akatoka getini.

Fundi aliyemwendea aliitwa Mama Pacha. Alikuwa na kichumba nyuma ya duka la viatu, kimejaa kompyuta zilizofunuliwa matumbo, na kilinuka risasi ya kulehemu. Pacha wenyewe walishakuwa watu wazima wanaoishi mbali, lakini jina lilibaki kazini. Alimsikiliza Mwalimu huku akifungua skrubu.

"Tangu ifutwe imekuwa ikiwashwa?"

"Kila siku. Wiki tatu."

"Na faili zilizorudishwa ziliwekwa humohumo."

"Humohumo."

Mama Pacha aliweka bisibisi chini. "Huyo shemeji yako..."

"Si shemeji yangu."

"Samahani, dada. Sikiliza. Alipofuta D hakufuta video. Alibomoa ukuta, akachana karatasi inayosema chumba kipi kinaanzia wapi na ndani kuna nini. Vitu vyenyewe vilibaki sakafuni. Ungeniletea siku ileile, tungeviokota karibu vyote. Lakini huyu bwana kila akiiwasha anamwaga zege humo ndani. Na hizo elfu alizorudisha, alizipanga juu ya zilezile alizokuwa anazitafuta."

Mwalimu aliuliza kama kuna kitu kilichobaki. Mama Pacha alisema hajui, na kwamba hatajua mpaka anakili diski nzima, kipande kwa kipande, kwenye diski nyingine, kisha achimbe kwenye nakala. Ile ya asili hataigusa tena. Akaiunganisha. Diski yenyewe ilikuwa ikiumwa pia: kila ilipofika mahali pabovu ilikwama na kutoa sauti ya kijiko kinachokwaruza kikombe, halafu ikaendelea.

Ilichukua siku tatu. Kila alipotoka darasani, Mwalimu alikuja kukaa kwenye kigoda na kusikiliza ile sauti. Siku ya pili alikuja na barua ya onyo ndani ya mkoba. Aliisoma kwa sauti, mpaka kwenye maneno "utovu wa nidhamu na kuhamisha mali", na Mama Pacha akamuuliza kama anataka aitumie kufutia mikono. Hawakucheka.

Siku ya nne mchana Mama Pacha alimwita aangalie kioo. "Elfu tatu mia saba na sita zinafunguka. Mia sita na sita zimekwenda, hizo sitakudanganya. Lakini kuna jambo lingine." Aliteremsha orodha. Faili zote ziliitwa kwa tarakimu: 0001, 0002, 0003, mpaka chini. "Majina yalikuwa kwenye ile orodha. Na orodha ilikuwa palepale alipomwagia mfumo wake mpya. Majina yote yamekwenda."

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. Skrubu ziliruka, zikatawanyika sakafuni. Kamusi isiyo na maneno ilikuwa na faida gani? Watoto wakichezesha mikono tu, kama alivyosema yule bwana. Mama Pacha aliinama akaziokota moja moja.

"Piga tena ukitaka," alisema. "Ila ngoja kwanza nitoe skrubu."

Alimwazima kompyuta ya kupakata na nakala ya video. Mwalimu akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo, kitinda mimba kwao, alikuwa kiziwi tangu umri wa miaka mitatu, na alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kupigwa video. Sasa alikuwa seremala mwenye karakana yake. Alisafisha meza kwa mkono, vumbi la mbao likaruka, wakaanza. Video ya kwanza, mlango. Ya pili, uongo. Ya tano alikuwa yeye mwenyewe, ana miaka kumi na saba, shingo nyembamba, akishusha mikono mbele ya kifua. Mwalimu akaanza kuandika: kuchoka.

Seremala alimshika mkono. "Si kuchoka," alisema kwa alama.

"Ni kuchoka. Niliandika mwenyewe."

"Uliandika. Hukuniuliza." Akamwonyesha polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kuchoka, mikono yote miwili inaanguka yenyewe. Kwenye video, mkono mmoja ulikuwa unausukuma mwingine chini. "Kuchoshwa. Kuna mtu amekuchosha. Nilikuwa nakusema wewe. Ulituweka mbele ya kamera tangu asubuhi, njaa inatuuma, na wewe unasema bado moja, bado moja."

Mwalimu alihisi uso unamwaka. "Nimewapa miaka tisa. Nimekula barua ya onyo kwa ajili yenu."

"Sikukuomba barua. Huyo mtu wenu alisema tunachezesha mikono. Wewe ulitusemea tunachosema. Bora nani?"

"Usinifananishe na yule."

"Basi usifanane naye."

Waligombana kwa mikono, haraka, hadi seremala akapiga ubao kwa ngumi na Mwalimu akajibu kwa kupiga wa kwake. Mteja aliyekuja kuchukua mlango alisimama kizingitini, hasikii hata neno, anawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema atarudi kesho. Mwalimu alichukua kompyuta akaondoka bila kuaga.

Siku tatu alijaribu peke yake. Alizozijua aliziandika bila kusita. Lakini katika kila ishirini zilikuwepo saba, nane ambazo aliweza kuapa juu yazo zamani na sasa hakuweza, kwa sababu kila mara aliuona ule mkono mmoja ukiusukuma mwingine. Hasira ya kujikasirikia mwenyewe ilikuwa ngeni kwake, na hakuwa na wa kumtupia. Jumamosi alirudi karakanani.

"Sema wewe," alimwambia mdogo wake. "Mimi nitaandika."

Seremala alimwacha amngojee mpaka alipomaliza kuranda ubao wake. Kisha akavuta kiti.

Jumamosi zilizofuata walikuja wengine walioitwa na seremala: fundi cherehani, mama mwenye mtoto mgongoni, mfyatua matofali, wote waliosoma pale. Walibishana sana. Alama moja waliizozania saa nzima, wasichana wakisema ni wivu, wavulana wakisema ni uchoyo, mpaka ikabainika kila bweni lilikuwa na yake. Mwalimu aliandika zote mbili. Walipojiona wadogo kwenye kioo walichekana mpaka machozi.

Fundi cherehani hakucheka. Alikuwa akimtafuta rafiki yake, msichana aliyelala naye kitanda cha jirani kwa miaka sita na ambaye alifariki mwaka mmoja baada ya kumaliza shule. Mwalimu alikumbuka kumpiga video arobaini na moja. Zilizofunguka zilikuwa tatu: "jikoni", "nane" na "sitaki".

"Ni nani aliyefanya hivi?" aliuliza fundi cherehani.

Mwalimu alimwambia yote, hakumficha kitu.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mpole kuliko kawaida, akamvutia kiti. Wageni kutoka ngazi za juu walikuwa wanakuja, wamesikia kuna kamusi, wanataka taarifa. Yeye, Mkuu, angeandika dibaji. Barua ya onyo ingeondolewa kwenye faili lake. Jambo dogo tu: kwenye taarifa, pale panapoelezwa video zilizopotea, iandikwe hitilafu ya umeme.

"Nitakujibu Jumatatu," alisema Mwalimu.

Jumatatu alirudi na watu sita. Walijaa ile ofisi, mama mwenye mtoto akakalia kiti cha wageni. Mwalimu Mkuu aliwafanyia alama ya "asanteni", akawafanyia ya "kaeni". Waliobaki wamesimama hawakukaa.

Fundi cherehani alisogea hadi kwenye meza akasema kwa mikono, uso umemkaza. Mwalimu alitafsiri neno kwa neno, bila kulainisha kitu.

"Anasema rafiki yake amekufa. Anasema alikuwa na video arobaini na moja, zimebaki tatu. Anauliza, huo umeme ulijuaje kubomoa ukuta wa D na kuweka mfumo mpya?"

Mwalimu Mkuu alimgeukia Mwalimu. "Mwambie nimesikitika sana."

"Yuko mbele yako. Mwambie mwenyewe."

Alifungua mdomo, akainua mikono nusu, ikabaki hewani. Hakuwa na alama ya kusikitika. Fundi cherehani alingoja, na wote walingoja. Mwishowe fundi cherehani aligonga meza kwa kidole mara mbili.

"Anasema uandike," alitafsiri Mwalimu. "Uandike nani alifuta, lini, na kwa ruhusa ya nani."

Hakuandika. Alisema atalitafakari, akatazama saa, akasema ana kikao.

Basi Mwalimu aliandika yeye. Taarifa ilikuwa kurasa mbili, ina tarehe, ina zile barua tatu zilizoonekana, ina maelezo ya Mama Pacha kuhusu diski, na chini ina sahihi saba. Wageni waliisoma wakiwa wamesimama, mmoja wao akaomba nakala, wakaondoka. Shemeji alikatazwa kugusa kompyuta, akapewa bustani. Mwalimu Mkuu alibaki kwenye kiti chake. Chumba cha video kilifanywa stoo ya viti vilivyovunjika, na Mwalimu akaambiwa arudishe ufunguo. Aliurudisha kwa kuutupa mezani.

Kamusi iliendelea karakanani, kila Jumamosi, katikati ya mbao. Watu walimshauri aliachie jambo lile, eti amepata zaidi ya nusu. Aliwajibu kwamba waliopoteza si yeye, na kwamba hasira yake haipunguzwi kwa kuhesabu zilizobaki.

Barua ya pili ya onyo ilikuja mwezi uliofuata, kwa kosa la kuingiza watu wa nje ofisini bila kibali. Alitakiwa kujitetea ndani ya siku saba. Alijibu siku hiyohiyo, kwa mstari mmoja, kwamba wale hawakuwa watu wa nje.