Plasta ya Wiki ya Tatu

Daktari alimtoa fundi wa dari damu mkononi, akaizungusha kwenye mashine, kisha sehemu yake inayosaidia vidonda kupona akamrudishia kwa sindano begani, palipochanika kano.

"Damu yako ikusaidie, nawe uisaidie," alimwambia. "Wiki sita usinyanyue mkono kupita kifua. Ukiharakisha, kano itakatika yote."

Aliyempeleka hospitali ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Alikaa kiti cha pembeni, akasikia kila neno.

Wiki ya tatu shemeji huyohuyo, ambaye ndiye msimamizi wa mafundi, akamwita kazini. Pale walikuwa na desturi yao: fundi aliyeugua harudishiwi nafasi mpaka apige plasta kipande cha dari mbele ya wenzake.

"Shemeji, bado wiki tatu. Si ulimsikia daktari?"

"Nilimsikia. Hapa daktari ni dari. Ni leo, ama namwita mwingine."

"Huenda walimrudishia damu ya kuku!" akadakia mmoja. Wakacheka.

Fundi akapanda jukwaa. Miaka ishirini hakujua kazi nyingine, na mkono mtupu haulambwi. Mama mmoja, mchanganyaji wa saruji, akampakulia kidogo tu kwenye ubao wake, kiasi cha kiganja.

"Taratibu, baba," akanong'ona. "Sukuma kwa miguu, bega lipumzike."

Shemeji akaona. "We mama, unalisha mtoto? Jaza!"

Akajaza, macho chini.

Fundi akauma meno, akapandisha mwiko. Mpako wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ulipokaribia kwisha, kitu kikafyatuka ndani ya bega, mwiko ukaanguka, mkono nao ukashuka wenyewe kama si wake. Juu, plasta ilikuwa imetulia, laini, haina hata mkwaruzo.

Shemeji akapanda, akaikagua bila haraka, akaitikia kwa kichwa.

"Umefaulu. Nafasi ni yako. Lete mkono." Akanyoosha wake wa kulia, akangoja, akiutazama ule unaoning'inia.

Safari hii hakucheka mtu. Yule mama akapanda jukwaa, akavua kitambaa chake cha kichwa mbele ya wanaume wote, mvi zake nje, akamfunga fundi mkono shingoni, akimpuliza uso uliolowa jasho.

"Kesho saa moja asubuhi," shemeji akasema, akishuka. "Usipofika, dada yangu nitamwambia umeacha kazi mwenyewe."